Haki ya Tone

Barua ilifika Jumanne, pamoja na mvua.
Hew Pittendreigh, fundi mapipa wa Crail, pwani ya Uskoti,
aliigeuza, akaigeuza tena, akampa binti yake:
"Soma, Jakobina. Macho yangu ni ya mbao, si ya wino."

Akasoma. Mjane wa jirani, Grizel Ochterlonie,
kwa mkono wa wakili wa Cupar mwenye muhuri mwekundu,
anamshitaki baba kwa kosa la (hapo ulimi ukakwama)
stilisidi.

Neno refu kama nyoka aliyekwisha kuingia shimoni:
kichwa hukijui, lakini mkia ulishauona mahali.
Mchungaji alikuwa na maneno ya mkia huo.
Aliyemuua mfalme, sidi. Aliyemuua nduguye, sidi.
Na mume wa Grizel, mzee Dauvit, alizikwa Januari.

Usiku ule Jakobina aliitazama mikono ya baba
ikimenya kiazi,
akavihesabu vidole kama ahesabuye mashahidi.

Asubuhi alimkimbilia mwalimu Dalgarno.
Mwalimu hakucheka; nampenda kwa hilo.
Alilipasua neno kama ganda la njegere,
Kilatini kikadondoka mezani, punje mbili:
stilla, tone. Cado, naanguka.
"Wewe ulisikia caedo," akasema, "nakata, naua.
Ni irabu tu, mtoto. Irabu imewatia wengi kitanzini.
Baba yako kosa lake ni tone kuanguka:
maji ya paa lake yanatua katika ua wa mwenzake."

Ua.
Mimi niandikaye nasimama hapa kidogo,
maana lugha yangu nayo haina aibu:
ua uliozungushiwa wigo,
ua lililochanua,
na ile amri isiyohitaji pumzi mbili, ua!
Wote watatu wamelala kitanda kimoja
na sijapata kusikia wakigombania shuka.

Sheria ya kwao ilikuwa hivi:
tone likidondoka miaka arobaini na mtu asiseme kitu,
limepata haki ya kudondoka milele.
Siku za mwizi arobaini, akamatwe;
miaka ya tone arobaini, lipewe hati.
Paa la Hew lilikuwa na thelathini na tisa.

Kwa nini sasa, basi?
Jakobina alivuka kichochoro akaulize mwenyewe.
Grizel alifungua, macho mekundu.
"Dauvit alikuwa akitega ndoo chini ya upenu wenu,
na ndani ya ndoo kitambaa, tone lisipige kelele.
Kila jioni. Hakuniambia.
Miaka yote hiyo sikujua kwamba nyumba yenu inavuja sauti.
Amekufa, ndiyo nikaisikia. Ndo. Ndo. Ndo."

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo.
Wao walikuwa wanapima maji.
Hawakukaa na mjane saa nane za usiku
akilingoja lile lijalo,
na kati ya tone na tone
ukimya wenye mabega ya mtu.

Nyuma ya nyumba, jiwe lilikuwa limechimbika
kishimo cha kuenea kidole gumba.
Jakobina alikijaribu. Kilikuwa baridi, laini kama ndani ya shavu.
Jioni alirudi na soksi ya sufu,
akaikunja, akailaza ndani ya ndoo.

Kesi? Nasikia wakili wa Cupar alilipwa nusu
na akanuna robo mwaka.
Paa halikuguswa. Mchirizi haukuwekwa.
Mwaka wa arobaini ulitimia siku ya mvua
na hakuna aliyeuhesabu,
si mdai, si mdaiwa,
wala tone lenyewe, lililokuwa kazini.

Hew aliitafuta soksi ile mpaka Pasaka.